Besiboli kwenye intaneti: Kwa nini shabiki wa karibu ndiye anayenyimwa

KILA klabu katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ijulikanayo kwa ufupi kama MLB, hucheza mechi 162 kwa msimu mmoja. Klabu hizo ni 30, ishirini na tisa zikiwa Marekani na moja mjini Toronto, Kanada. Kwa jumla husakata mechi 2,430 baina ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, kabla ya awamu ya muondoano kuanza.

Kwa msomaji aliyezoea ligi kuu ya soka ya Uingereza, ambako kila timu hucheza mara 38, huu ni wingi wa kustaajabisha. Shabiki wa besiboli hangoji wikendi. Timu yake huwa uwanjani karibu kila siku, na hakuna mwenye kazi na familia awezaye kuhudhuria mechi zote hizo. Ndiyo maana tangu karne iliyopita mchezo huu umeishi sebuleni zaidi ya uwanjani, kwanza kupitia redio, kisha runinga, na sasa intaneti.

Hata hivyo, kuwadia kwa intaneti hakujamwezesha kila mtu kutazama kila mechi. Leo kuna mechi zinazoonyeshwa na kampuni moja pekee ya video za intaneti. Asiyejisajili na kampuni hiyo hazioni kabisa, hata kama anaishi mtaa mmoja na uwanja wenyewe, na hata kama tayari analipia kituo kinachoonyesha mechi nyingi za timu yake. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, inavyofanya kazi na ni nani anayebeba gharama yake.

Kutoka redio hadi intaneti

Mnamo Agosti 5, 1921, kituo cha redio cha KDKA mjini Pittsburgh kilitangaza mechi ya ligi kuu ya besiboli kwa mara ya kwanza, wenyeji Pirates wakichuana na Philadelphia Phillies. Wamiliki wa klabu hawakuipokea redio kwa mikono miwili. Walihofia kwamba anayesikiliza nyumbani hatanunua tiketi. Katika miaka ya 1930, klabu tatu za New York zilikubaliana kutoruhusu matangazo ya redio kwa miaka mitano, hadi mwisho wa 1938.

Runinga ilifuata punde. Agosti 26, 1939, mechi ya ligi hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kutoka uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, kati ya Brooklyn Dodgers na Cincinnati Reds. Waliokuwa na seti za runinga wakati huo walikuwa wachache mno.

Mwaka 2000, klabu zote 30 ziliungana kuanzisha kampuni ya MLB Advanced Media ili isimamie shughuli zao za intaneti. Agosti 26, 2002, miaka 63 kamili tangu ile mechi ya Brooklyn, kampuni hiyo ilirusha moja kwa moja kwenye intaneti mechi kati ya New York Yankees na Texas Rangers. Watu wapatao 30,000 waliitazama. Mwaka uliofuata, huduma ya kulipia ya MLB.TV ilianza rasmi.

Ikumbukwe kwamba wakati huo YouTube haikuwapo, na Netflix ilikuwa ikiwatumia wateja wake diski za filamu kwa njia ya posta. Besiboli, mchezo unaosifika kwa kushikilia mila za kale, ulitangulia karibu kila mtu. Ustadi wa mafundi wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kitengo chao cha video, BAMTech, kilinunuliwa hatua kwa hatua na kampuni ya Disney kuanzia 2016. Mwaka 2022, Disney ilimalizia kununua fungu lililosalia mikononi mwa ligi kwa dola milioni 900.

Kwa hivyo, mitambo ya kumwonyesha kila mtu kila mechi imekuwapo kwa zaidi ya miaka 20. Kinachozuia ni mikataba.

Haki huuzwa kwa mafungu

Ili kuelewa kwa nini mechi fulani inaonekana na nyingine haionekani, sharti msomaji afahamu kwamba haki za kuonyesha besiboli hugawanywa katika mafungu.

Fungu la kwanza huuzwa na ligi yenyewe kwa niaba ya klabu zote. Humo mna mechi chache za kila wiki zinazoonyeshwa nchi nzima, mechi za muondoano na fainali. Sheria ya mwaka 1961 iliziruhusu ligi za michezo nchini Marekani kuuza haki za runinga kwa pamoja bila kushtakiwa kwa kuhodhi soko. Besiboli ilikuwa na kinga zaidi, kwa kuwa Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua tangu 1922 kwamba sheria za kuzuia uhodhi haziuhusu mchezo huo.

Fungu la pili huuzwa na klabu moja moja. Kila klabu hupewa eneo lake la nyumbani, na ndani ya eneo hilo huuza mechi zake nyingi kwa kituo kimoja cha michezo, aghalabu cha kebo. Yankees, kwa mfano, huonyeshwa na kituo kiitwacho YES. Kwa miongo kadhaa fungu hili lilikuwa chemchemi ya mapato ya klabu, kwa sababu kila nyumba yenye kebo ililipia kituo hicho katika ada yake ya mwezi, awe mwenye nyumba anapenda besiboli au hapendi.

Fungu la tatu ni jipya. Hili ni la mechi zilizochukuliwa kutoka fungu la pili na kuuzwa kwa kampuni za video za intaneti kwa masharti ya kipekee. Siku ya mechi hiyo, kituo cha eneo hakiruhusiwi kuionyesha. Watangazaji wake, ambao mashabiki wamewazoea kama jamaa zao, hubaki nyumbani. Redio ya klabu pekee ndiyo huendelea kama kawaida.

Marufuku ya eneo la nyumbani

Kabla ya fungu hilo la tatu kuzaliwa, tayari kulikuwa na kero ya zamani. MLB.TV ilipoanza, haikuruhusiwa kumwonyesha mteja mechi za klabu ambayo eneo lake la nyumbani linajumuisha makazi yake. Lengo lilikuwa kuvilinda vituo vya kebo, ambavyo vilikuwa vimelipa fedha nyingi ili viwe pekee. Mteja wa MLB.TV anayeishi Boston aliweza kutazama mechi za Seattle, lakini za Boston Red Sox alizuiwa.

Mfano unaotajwa sana ni wa jimbo la Iowa. Jimbo hilo halina klabu hata moja ya ligi kuu, lakini klabu sita za majimbo ya jirani zimelihesabu kuwa eneo lao: Chicago Cubs, Chicago White Sox, St. Louis Cardinals, Kansas City Royals, Minnesota Twins na Milwaukee Brewers. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi mkazi wa Iowa aliyelipia MLB.TV alizuiwa kutazama klabu sita, yaani moja katika kila tano za ligi nzima, na hizo ndizo klabu ambazo kwa kawaida angezishabikia.

Wakazi wa visiwa vya Hawaii nao walihesabiwa kuwa majirani wa klabu tano za California, ingawa baina yao kuna maelfu ya kilomita za bahari.

Mwaka 2012 baadhi ya mashabiki walikwenda mahakamani wakidai kwamba mpango huo ni uhodhi wa soko. Mwaka 2014 jaji wa New York aliamua kwamba ile kinga ya 1922 haihusu haki za runinga. Kesi ilimalizwa kwa maafikiano Januari 2016. Ligi ilikubali kupunguza bei ya MLB.TV na kuuza kifurushi cha bei nafuu cha timu moja. Hata hivyo, marufuku yenyewe haikufutwa.

Mikataba ya kipekee yaanza

Mwaka 2018, Facebook ikawa kampuni ya kwanza ya mtandao kupewa haki za kipekee za mechi za ligi hiyo ndani ya Marekani. Ilipata mechi 25 za mchana kwa kitita kilichoripotiwa kuwa kati ya dola milioni 30 na milioni 35. Ya kwanza ilichezwa Aprili 4, 2018, baina ya Phillies na New York Mets. Haikuwa na malipo, lakini wengi walinung'unika, hasa wazee ambao hawakuwa na akaunti ya Facebook wala hamu ya kufungua moja. Mwaka 2019 YouTube nayo ikapewa mechi 13, pia bila malipo.

Mabadiliko makubwa yalitokea 2022. Kampuni ya Apple ilitia saini mkataba wa kuonyesha mechi mbili kila Ijumaa usiku kupitia huduma yake ya Apple TV+, kwa dola zilizoripotiwa kuwa milioni 85 kwa mwaka. Peacock, huduma ya kampuni ya NBC, ilichukua mechi 18 za Jumapili ambazo zilianza asubuhi au adhuhuri. Amazon nayo ilipata mechi 21 za Yankees kwa wateja wake wa Prime wanaoishi katika eneo la New York.

Hivyo basi, shabiki wa Yankees aliyetaka kutazama kila mechi ya timu yake mwaka huo alihitaji YES, Amazon, Apple, Peacock, ESPN na Fox. Kati ya hizo sita, ni Fox pekee iliyopatikana kwa antena ya kawaida bila kulipia chochote. Fauka ya gharama, alihitaji pia kukumbuka kila siku ni mlango upi wa kubisha.

Apple haikutoza kitu msimu wa kwanza. Kuanzia 2023, mtazamaji alilazimika kujisajili. Ada ya huduma hiyo, ambayo ilikuwa dola 4.99 kwa mwezi ilipozinduliwa 2019, ilipanda hadi 6.99 Oktoba 2022, 9.99 Oktoba 2023, na 12.99 Agosti 2025.

Usiku wa Septemba 23, 2022

Ijumaa moja ilidhihirisha uzito wa suala hili kuliko hoja zozote za wanasheria.

Aaron Judge wa Yankees alikuwa amefikisha mapigo 60 ya kuvusha mpira juu ya uzio katika msimu mmoja. Alibakiza moja tu kuifikia rekodi ya 61 ambayo Roger Maris, pia wa Yankees, aliiweka mwaka 1961 katika American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda MLB. Mjini New York kila aliyejali besiboli alitaka kuwa mbele ya runinga pigo hilo litakapotokea.

Septemba 23 Yankees walikuwa wakicheza nyumbani na mahasimu wao wa jadi, Red Sox. Kwa bahati, hiyo ilikuwa mechi ya Apple. Kituo cha YES, ambacho kilikuwa kimemfuata Judge msimu mzima, hakikuruhusiwa kuionyesha. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Letitia James, alizitaka Apple na ligi ziiruhusu YES irushe matangazo. Apple haikuachilia haki yake. Kampuni hiyo haikuwa imevunja sheria yoyote, kwani ilikuwa imelipia Ijumaa zake, na usiku huo mechi yenyewe ilipatikana bure kwa yeyote mwenye intaneti na programu yake. Waliokosa ni wale ambao hawakuwa na kifaa cha kufaa, au hawakujua pa kutafuta.

Judge hakulipata pigo hilo usiku huo. Alilipata Septemba 28 mjini Toronto, kisha Oktoba 4 akaivunja rekodi kwa pigo la 62 huko Texas. Zogo la New York likatulia.

Lakini usiku uo huo wa Septemba 23, kwenye mechi ya pili ya Apple, historia ilitendeka kweli. Mjini Los Angeles, Albert Pujols wa St. Louis Cardinals, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyekuwa akicheza msimu wake wa mwisho, alipiga pigo la 699 la maisha yake na kisha la 700. Alikuwa mchezaji wa nne tu kufikia idadi hiyo, baada ya Barry Bonds, Hank Aaron na Babe Ruth. Mashabiki wa St. Louis waliomlea Pujols tangu 2001 hawakulisikia pigo hilo kutoka kwa mtangazaji wao wa runinga, ila kutoka kwa mgeni.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Mkataba wa kipekee hutiwa saini miezi mingi kabla ya mechi, na hakuna ajuaye ni siku ipi itakuwa ya historia. Ligi hudhani imeuza mechi chache za kawaida kati ya 162, kumbe pengine imeuza ile moja ambayo babu angetaka kuitazama na mjukuu wake.

Kwa nini ligi huuza

Viongozi wa ligi wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Kwanza, idadi ya nyumba za Marekani zenye runinga ya kebo imekuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka, hasa miongoni mwa vijana. Ligi inayobaki kwenye kebo pekee huzeeka pamoja na watazamaji wake.

Pili, kampuni za intaneti zina fedha, na hazinunui kitu ambacho kila mtu anacho. Mechi inayopatikana kwingineko haimsukumi mtu kujisajili. Upekee ndio bidhaa yenyewe.

Tatu, besiboli ina mechi nyingi kuliko mchezo mwingine wowote mkubwa wa timu. Ukiondoa mechi mbili au tatu za klabu kwa msimu, kituo cha eneo bado kinabaki na zaidi ya mia moja. Kwa hesabu za ofisini, hasara ni ndogo. Kwa shabiki aliyezoea kufuatilia kila siku, mechi mbili zilizokosekana ni kurasa zilizong'olewa katikati ya kitabu.

Isitoshe, bei za haki hizo hazijawa thabiti. Mechi za Jumapili ambazo Peacock ilizilipia takriban dola milioni 30 kwa mwaka zilichukuliwa na kampuni ya Roku kwa misimu ya 2024 na 2025 kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola milioni 10. Jambo moja jema ni kwamba Roku ilizionyesha bila malipo.

Kituo kinapofilisika

Isidhaniwe kwamba mfumo wa zamani wa kebo ulikuwa pepo. Machi 14, 2023, kampuni ya Diamond Sports Group, iliyokuwa ikimiliki vituo vya maeneo vilivyoonyesha klabu 14 za besiboli, iliomba ulinzi wa mahakama kutokana na kufilisika. Madeni yake yalizidi dola bilioni 8. Fedha za kila nyumba yenye kebo zilikuwa zimekauka.

Mwishoni mwa Mei mwaka huo, kampuni hiyo iliacha kuilipa San Diego Padres, na ligi ikachukua matangazo ya klabu hiyo kuanzia Mei 31. Ilianza kuyauza moja kwa moja kwenye intaneti kwa dola 19.99 kwa mwezi, bila marufuku ya eneo, huku ikiyapeleka pia kwa kampuni zaidi za kebo. Kwa mujibu wa ligi, nyumba zilizoweza kuipata Padres katika eneo lake ziliongezeka kutoka takriban milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 3.2. Arizona Diamondbacks walifuata Julai mwaka huo, na baadaye klabu nyingine.

Tukio hilo lilionyesha mambo mawili. Kwanza, marufuku ya eneo inaweza kuondolewa kwa siku moja iwapo wenye haki wataamua. Pili, anayetegemea mlango mmoja hupata taabu mlango huo ukifungwa.

Wakazi wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa somo hili la pili. Mwishoni mwa Januari 2009, katikati ya msimu wa soka, kampuni ya GTV, ambayo ilikuwa na sehemu kubwa ya haki za ligi kuu ya Uingereza barani, ilifunga shughuli zake ghafla. Waliokuwa wamenunua ving'amuzi vyake walibaki navyo kama mapambo ya mezani.

Japani nayo yaguswa

Suala hili limevuka bahari. Nchini Japani besiboli ni mchezo wa taifa. Katika mashindano ya dunia ya besiboli ya mwaka 2023, mechi ya robofainali baina ya Japani na Italia ilionyeshwa kwenye runinga ya bure na kufuatiliwa katika takriban asilimia 48 ya nyumba za eneo la Tokyo. Japani walitwaa ubingwa kwa kuilaza Marekani 3-2 mjini Miami, Shohei Ohtani akimshinda nahodha wa Marekani, Mike Trout, kwa mpira wa mwisho.

Agosti 2025, Netflix ilitangaza kwamba imepata haki za kipekee za kuonyesha mechi zote 47 za mashindano ya Machi 2026 nchini humo. Kampuni ya gazeti la Yomiuri, ambayo huandaa mechi zinazochezwa Tokyo, ilisema kwamba haki hizo ziliuzwa bila kupitia kwake. Swali lililoulizwa na wengi lilikuwa sahili: je, mchezo ambao karibu nusu ya nyumba ziliutazama kwa pamoja utabaki kuwa wa taifa iwapo kila nyumba sharti ijisajili kwanza?

Uingereza ililijibu swali hilo kwa njia ya sheria. Huko kuna orodha ya matukio, kama vile fainali ya Kombe la Dunia la soka na fainali za tenisi za Wimbledon, ambayo ni lazima yapatikane kwenye runinga ya bure. Marekani haina orodha ya namna hiyo. Fainali ya besiboli bado huonyeshwa bure na Fox kwa sababu tu mkataba wa Fox unaoendelea hadi 2028 umeiweka hapo, si kwa sababu sheria inaamuru.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki

Besiboli haina mizizi mirefu katika eneo letu, ingawa si ngeni kabisa. Mwaka 2012, vijana wa Uganda walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yanayoandaliwa kila mwaka Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kuchezea ligi kuu, akivalia jezi ya Pittsburgh Pirates. Mwaka 2022, Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda.

MLB.TV huuzwa pia nje ya Marekani, na maeneo ya nyumbani ya klabu hayafiki Afrika. Hivyo, mtazamaji wa Kampala aliyelipia huduma hiyo ameweza kutazama mechi ya Cubs ambayo mkulima wa Iowa, aliyeipenda klabu hiyo tangu utotoni, alinyimwa. Mbali na mechi za kipekee, ambazo hufuata mikataba yake nje ya Marekani pia, kikwazo kikubwa cha mtazamaji wa huku ni saa. Mechi inayoanza saa moja na dakika tano usiku mjini New York huanza saa nane na dakika tano za usiku Nairobi.

Anayetaka kujua mapema iwapo ataiona mechi fulani ajiulize maswali matatu. Je, mechi hiyo imeuzwa na ligi, na klabu, au kwa kampuni ya intaneti pekee? Je, mahali anapoishi pamehesabiwa kuwa eneo la mojawapo ya klabu hizo mbili? Na je, ni siku gani ya wiki? Ijumaa na Jumapili ndizo siku ambazo mechi za kipekee za intaneti zimekuwa nyingi zaidi.

Mikataba ya 2026 hadi 2028

Februari 2025, ligi na ESPN zilitangaza kwamba mkataba wao wa takriban dola milioni 550 kwa mwaka ungekatizwa baada ya msimu huo. Novemba 2025, haki hizo zikagawanywa upya kwa misimu mitatu. NBC na Peacock zilipewa mechi za Jumapili na raundi ya kwanza ya muondoano. Netflix ilipata mechi ya ufunguzi wa msimu wa 2026 kati ya Yankees na San Francisco Giants, pamoja na shindano la mapigo ya kuvusha uzio. ESPN ilirejea kwa mlango mwingine, ikapewa kazi ya kuuza MLB.TV. Apple ilibaki na Ijumaa zake.

Mikataba hiyo yote, pamoja na ile ya Fox na TBS, inaisha 2028. Kamishna wa ligi, Rob Manfred, amesema mara kadhaa kwamba anataka wakati huo kuzikusanya haki za klabu nyingi iwezekanavyo na kuziuza pamoja, na kwamba angependa marufuku ya eneo iondoke. Klabu tajiri kama vile Yankees na Dodgers, ambazo hupata mamilioni mengi kutoka vituo vyao vya maeneo, huenda zisikubali kwa urahisi kugawana na wenzao.

Mashabiki watapima mazungumzo hayo kwa kipimo kimoja. Je, mkazi wa Iowa, baada ya kulipa ada yake, ataweza kuitazama timu iliyo karibu naye? Mwaka 2002 ligi ilithibitisha kwamba mechi ya New York inaweza kumfikia mtu yeyote mwenye intaneti. Ikifika 2028, itakuwa imepata miaka 26 ya kuamua iwapo inataka imfikie.